GARI LETU TULIPAKE WENYEWE

Maneno ya Kamati ya Gari mbele ya mkutano wa wanachama. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa shamba siku ile.



Mkutano uliopita ulituachia swali, na swali lenyewe lilikuwa na ukali kidogo. Mliuliza: fedha za rangi za nini? Boneti ikishafungwa, nani anaiona injini? Na viti na dashibodi je, kahawa inakalia dashibodi? Wengine mkasema hiyo ni anasa ya watu wa mjini. Hatukukasirika. Fedha ni za chama na mwenye mali ana haki ya kuuliza. Leo tumekuja kujibu, na tukimaliza mtaamua wenyewe.

Tuanze na gari lenyewe. Wote mnalijua: Land Rover Series III, shasi ndefu, injini ya dizeli. Gari za aina hiyo zilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 mpaka mwaka 1985, kwa hiyo hata lile la mwisho kabisa kutoka kiwandani sasa ni mzee. Letu linabeba kahawa, linabeba mbolea, linabeba mabati ya shule. Na usiku linabeba mama mjamzito kwenda hospitali ya wilaya. Hilo la mwisho halimo katika katiba ya chama chetu, lakini hakuna dereva aliyewahi kukataa, na hatutaki siku moja akatae kwa sababu gari limelala.

Watu wengi husema Land Rover haishiki kutu. Maneno hayo ni nusu ya kweli. Land Rover ya kwanza ilipotolewa mwaka 1948, vita vilikuwa vimekwisha juzi tu na Uingereza chuma kilikuwa cha mgawo. Basi wakatengeneza bodi kwa alumini. Hata rangi yake ya kwanza, ile ya kijani, ilikuwa masalio ya rangi ya jeshi iliyokuwa ikipakwa ndani ya ndege. Mnaona, hata wao walianza kwa kutumia kilichopo. Lakini shasi ni chuma. Ule ukuta wa mbele unaotenga injini na miguu ya dereva ni chuma. Tapeti kava ni chuma. Na pale chuma kinapogusana na alumini, maji yakiingia katikati, alumini ndiyo inayoliwa. Ukiona unga mweupe kwenye kona ya mlango, ndugu, hilo si vumbi la barabara, ni gari lenyewe linatoka kidogo kidogo.

Sasa kwa nini injini? Nendeni mkafungue boneti leo. Mtakachoona ni ukoko mweusi: oili, vumbi, matope, makapi ya kahawa, na kiota cha panya upande wa betri. Je, oili inavuja? Hakuna anayejua. Huwezi kusema kama hii ni oili ya leo au ya msimu uliopita. Injini iliyooshwa na kupakwa rangi nyepesi, kijivu kwa mfano, haifichi kitu. Oili ikitoka asubuhi, mchana dereva ameiona, na gasketi inabadilishwa kabla injini haijakaukiwa njiani. Tena ule ukoko ukiwa karibu na ekzosi ni kuni zilizokwisha kulowekwa mafuta. Kwa hiyo sisi hatuombi rangi ili gari lipendeze. Likipendeza ni nyongeza.

Hapa tuseme jambo moja ambalo mwanachama mmoja alitunong'oneza nje, baada ya mkutano. Alisema: pakeni vizuri, funikeni pale panapovuja kwa gundi na rangi, halafu tuliuze kwa chama jirani, wao hawatajua. Ndugu yetu yule ana mawazo ya biashara, lakini kamati imekataa. Chama jirani nao wana wagonjwa. Siku mkutano ukiamua kuuza, mnunuzi ataonyeshwa mahali panapovuja kwa kidole.

Basi tuje kwenye kazi yenyewe.

Kupaka rangi ni siku moja, kuosha na kusugua ni siku mbili. Anayegeuza hesabu hiyo atapaka tena. Kuna chama kimoja walipeleka lori lao mjini kwa fundi, jina tunaliacha, akapulizia rangi juu ya oili, lori likatoka linang'aa kama sahani. Mvua za kwanza rangi ikaanza kubanduka kama ganda la ndizi. Rangi haishiki mafuta, ndivyo ilivyo, iwe rangi ya bei mbaya au ya bei nzuri.

Kwanza tunakwangua ukoko kwa kipande cha ubao na kisu butu. Halafu tunasugua kwa brashi na mafuta ya taa, kisha maji ya moto na sabuni ya unga, mara mbili, mara tatu, mpaka maji yakimwagwa juu ya chuma yatandae yote bila kujikusanya matone matone. Yakijikusanya, bado kuna mafuta. Hicho ndicho kipimo, na hakigharimu hata senti. Kabla ya maji, dereva atafungua betri na kufunika kwa mifuko ya plastiki sehemu za umeme na mdomo unaovuta hewa.

Petroli hapana. Tunajua mafundi wengi wanaoshea petroli, na wengine mtasema mmefanya hivyo miaka yote. Sikilizeni. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama maji usiyoyaona, unakwenda kutafuta jiko la mama lishe kule ng'ambo ya ghala. Ukilifikia, moto unarudi njia ile ile mpaka kwenye ndoo. Mafuta ya taa nayo yanawaka, lakini hayatoi mvuke wa namna hiyo upesi isipokuwa yamepashwa moto. Kwa hiyo injini iwe baridi kabisa, na sigara zibaki nyumbani. Wazee wa kiko mtatusamehe.

Mama zetu wa kikundi cha sabuni, hili ni lenu. Mnayo kostiki soda, na kuna kijana aliuliza kama vifaa vya injini vinaweza kuchemshwa humo. Kwa chuma, kostiki huondoa mafuta na rangi ya zamani kweli. Lakini alumini ikiingia humo inachemka yenyewe, inatoa gesi inayowaka, na inaliwa. Land Rover yetu tapeti kava yake ni chuma, lakini Toyota nyingi za vijana wetu wa teksi zina tapeti kava ya alumini. Kwa hiyo tumekata shauri: kostiki ibaki kwenye sabuni. Anayetaka kujua kifaa chake ni chuma au alumini, achukue sumaku.

Tapeti kava tunaifungua. Usiipake ikiwa juu ya injini, hata kama unaona uvivu. Ukiifungua, ziba tundu lote la juu la injini kwa kitambaa safi na ubao, maana punje moja ya mchanga ikiingia kwenye tapeti ni hasara kubwa kuliko rangi yote. Upande wa ndani wa kava haupakwi kabisa. Rangi ikibanduka ndani huko inakwenda na oili mpaka kwenye kichujio na njia za oili. Ukingo unaokaa juu ya gasketi nao haupakwi, unasafishwa tu na kuzibwa kwa tepu ya karatasi. Gasketi ya zamani hairudi. Tumeagiza mpya.

Kutu tunaisugua kwa brashi ya waya, halafu msasa. Anza na namba 80 palipo pabaya, uje namba 180, umalizie namba 320. Wengine hupenda kulainisha mpaka chuma king'ae kama kioo. Usifanye hivyo, rangi inataka mahali pa kushika kucha. Kisha praima ya chuma siku ile ile, maana hewa ya huku kwetu ikilala usiku mmoja juu ya chuma kitupu, asubuhi unakuta wekundu. Mwenye kava ya alumini anunue praima ya alumini, amwambie mwenye duka wazi wazi. Praima ya kawaida kwenye alumini inakaa kama mgeni aliyekuja kunywa chai.

Kuhusu rangi ya juu, tumeulizwa kama ile rangi ya mafuta iliyobaki kwenye milango ya ghala inatosha. Kwa tapeti kava inajaribika, lakini haitadumu. Maji ya rejeta katika injini iliyo nzima hucheza kati ya digrii 80 na 95, na kava iliyo juu ya oili ya moto inaweza kupita digrii 100. Rangi ya mlango hapo inalainika, inakuwa ya manjano, kisha inapasuka. Kuna rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya injini, kwenye kopo wameandika digrii inazostahimili. Somo hapo kabla ya kulipa. Nusu lita inatosha tapeti kava, kava la mbele na trei za pembeni, na itabaki. Manifoldi ya ekzosi hatupaki. Gari likipanda mlima na mzigo, joto la pale linapita digrii 400, na rangi ya injini itaungua itoe moshi unaonuka mpaka ndani. Iachwe na wekundu wake, haimdhuru mtu.

Tunapaka nyembamba mara mbili au tatu badala ya mara moja nene. Saa nzuri ni saa tatu asubuhi, umande umekauka na upepo haujaamka. Jioni wadudu wanakuja kufa kwenye rangi. Tumwagie maji chini kidogo kuzuia vumbi. Siku ya mvua tusipake, unyevu unafanya rangi ipauke. Rangi ikikauka, kava ikirudi mahali pake, injini iwashwe iunguruma taratibu dakika kumi, izimwe, ipoe, iwashwe tena muda mrefu zaidi. Rangi za namna hii hukomaa kwa joto. Siku ile itanuka kidogo, msishtuke. Na mafuta ya breki yasiguse rangi mpya hata tone, yanaila mara moja. Likidondoka, maji mengi, upesi.

Sasa ndani ya gari. Hapa ndipo kamati yenyewe ilibishana, na tulibishana sana.

Dashibodi ya Series III ni ya plastiki nyeusi, imepauka na jua na pale juu imepasuka. Baadhi yetu walitaka rangi ya krimu, eti ipunguze joto na ipendeze. Dereva wetu akakaa kimya mpaka tumemaliza, halafu akachukua karatasi nyeupe, akaiweka juu ya dashibodi, akatuambia tukae kwenye kiti chake mmoja mmoja tutazame barabara. Karatasi yote ilikuwa inaonekana ndani ya kioo cha mbele, barabara nyuma yake kama iko kwenye ukungu. Ubishi ukaisha. Juu ya dashibodi ni rangi nyeusi isiyong'aa, na ile dawa ya kung'arisha wanayouza vijana stendi isipakwe. Tena ile dawa nyingi huwa na silikoni, ambayo ni adui wa rangi. Mahali iliposhika, rangi mpya inakimbia na kuacha vishimo vya duara kama macho ya samaki. Kwa hiyo plastiki yoyote ya ndani ioshwe kwa sabuni na maji ya moto, mara nyingi kuliko unavyodhani inafaa, kabla ya msasa. Msasa uwe laini na maji, namba 400 au 600. Ukianza msasa kabla ya kuosha, unaisukuma silikoni ndani.

Vijana wenye Toyota, plastiki si ndugu mmoja. Geuza kipande nyuma utaona herufi ndogo. Ukiona ABS, rangi inashika bila matata. Ukiona PP, hiyo ni ile plastiki yenye hali ya nta, karibu kila rangi inateleza juu yake, mpaka kwanza upake dawa maalumu ya kushikisha rangi kwenye plastiki. Yale makava makubwa meusi ya plastiki juu ya injini za gari za siku hizi mara nyingi yana herufi PA, na hayo yanastahimili joto na yanapakika vizuri yakishaoshwa. Lakini tunawauliza: kava lile kazi yake ni kupunguza kelele na kuficha nyaya. Fedha ya kulipaka nyekundu si bora ukanunulia brekipadi?

Viti na milango yetu vimevikwa reksini. Tafadhali, mtu asichukue rangi ya mafuta akapaka reksini. Tumeona kwenye gari za watu. Reksini ina mafuta yake ya kuifanya laini, mafuta hayo yanapanda polepole yanaingia kwenye rangi, na rangi haikauki tena. Miezi sita baadaye bado inanata kwenye suruali. Pale isiponata, inapasuka kila unapokaa. Ipo rangi maalumu ya reksini, nyembamba, inayokunjika pamoja nayo. Ikikosekana mjini, fundi cherehani wa hapa hapa kijijini atashona foronya za turubai na kazi imekwisha. Kwa maoni yetu hilo la turubai ndilo bora, lakini tumeliacha kwenu mpige kura.

Vitu vya ndani visivyopakwa ni hivi: usukani, maana rangi mpya inateleza mkononi wenye jasho, pedali, kwa sababu hiyo hiyo, na mikanda ya usalama, ambayo tina na rangi huidhoofisha bila kuonekana. Mkanda mchafu unaoshwa kwa sabuni ya kawaida basi.

Tumebakiza afya, na hapa tutasema kwa kirefu kidogo kwa sababu rangi ya kubanduka inarudiwa, pafu halirudiwi.

Rangi ya zamani ya gari la miaka ile inaweza kuwa na madini ya risasi. Vumbi lake likiingia kwa mtoto mdogo linaharibu akili zake, na halina dawa ya kurudisha kilichopotea. Kwa hiyo msasa wa rangi ya zamani ni wa maji tu, si mkavu. Hatuichomi kwa moto. Watoto, wajawazito na kuku wasikaribie mahali pale mpaka tope lake lote limezolewa na kuzikwa mbali na kisima. Aliyesugua anawe mikono kabla ya kushika tonge, na nguo zake zisifuliwe pamoja na nepi.

Fundi wa mjini anaweza kuwaambia mchukue ile rangi ya kuchanganya na hadina, inayokauka ngumu kama kigae. Ni rangi nzuri, hatukatai. Lakini ikipuliziwa kwa kompresa ukungu wake una kemikali inayoweza kumwanzishia mtu pumu ya maisha, na kitambaa cha kanga usoni hakizuii kitu. Kanga inazuia vumbi kubwa, mvuke unapita kama mlango uko wazi. Viwandani wanaovuta rangi ile kazini hupelekewa hewa safi kwa bomba. Sisi hatuna bomba. Kwa hiyo tumeamua tutapaka kwa brashi, nje, kivulini, tukiupa upepo mgongo. Alama za brashi zitaonekana kidogo. Zionekane.

Rangi ikikushika mkononi, usinawe kwa petroli wala tina, ngozi inaimeza. Paka mafuta ya kula, sugua, halafu sabuni na mchanga laini. Vitambaa vyenye rangi ya mafuta visirundikwe kwenye kona ya ghala, maana rundo kama hilo huweza kujipasha joto lenyewe mpaka likawaka, na ghalani kuna magunia ya watu. Vitandazwe nje vikauke kimoja kimoja. Tina iliyokwisha kuoshea brashi isimwagwe mferejini. Iwekwe kwenye chupa ya kioo siku chache, uchafu utatua chini, ya juu itatumika tena. Chupa iandikwe SUMU kwa herufi kubwa na ifungiwe kabatini kwa karani. Na makopo matupu, mama zetu, hata yakioshwa vipi, yasiwe ya uji wala ya kuchotea maji.

Bei hatukuziandika hapa kwa sababu mwenye duka hubadilisha kila tukienda. Stakabadhi zote zitabandikwa ubao huu huu, pembeni kulia, mwenye shaka ahesabu.

Kazi itaanza Ijumaa baada ya gari kurudi na mbolea. Ijumaa ni kufungua na kukwangua, Jumamosi kuosha na msasa na praima, Jumapili tunapumzika, Jumatatu rangi. Jumanne jioni liwe barabarani. Katika siku hizo nne hakuna gari la usiku, kwa hiyo tumezungumza na ndugu mwenye pikapu wa kitongoji cha chini, amekubali kukaa tayari, chama kitamwekea dizeli. Mama mwenye siku karibu aandikishe jina kwa karani ili pikapu ijue mlango.

Tunahitaji watu wanane, ndoo sita, matambara, brashi za viatu zilizozeeka, na mtu mmoja mwenye sumaku. Vijana wa huko nyuma, tumewaona mkitabasamu. Majina yenu tumeshaanza kuyaandika.